Valvu kubwa peke yake haileti nguvu: kuchonga hedi na mahali kazi ilipo

Mwenye gari la zamani akiingia gereji ya watu wa mashindano na kuuliza namna ya kuongeza nguvu, jibu huja upesi: fungua hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu), weka valvu kubwa, panua njia za hewa. Ushauri huu una ukweli ndani yake, ndiyo maana umedumu. Tatizo ni kwamba umefupishwa mno, na hedi nyingi nzuri zimeharibiwa na watu walioufuata kama ulivyo. Zipo injini zilizotoka kwa fundi zikiwa na njia pana zinazong'aa, kisha zikashindwa kupanda kilima ambacho hapo awali zilikipanda bila kubadili gia.

Nitashika injini moja kama mfano, maana mambo haya yakisemwa kwa jumla hayashikiki. Ni L24, injini ya Datsun 240Z: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, hedi ya alumini, kamshafti moja juu (fimbo yenye vinundu vinavyonyanyua valvu), valvu mbili kwa kila silinda. Gari hili lilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kwa hiyo Afrika Mashariki si geni. Uzuri wake kwa somo letu ni kwamba Nissan, watengenezaji wa Datsun, waliibadilishia familia hii ya injini hedi mara kadhaa, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuhamishwa kutoka bloki moja hadi nyingine. Mafundi wamezipima, wamezikata na kuzilinganisha kwa zaidi ya nusu karne.

Hedi ya mwanzo inaitwa E31. Valvu yake ya kuingiza ina kipenyo cha milimita 42, ya moshi milimita 33. Baadaye injini ilipokuzwa hadi L28 yenye cc 2753, ilikuja hedi ya N42 yenye valvu za milimita 44 na 35. Ndipo wazo likazaliwa: kwa nini nisichukue E31, yenye chemba ndogo (uwazi ambamo mchanganyiko huwaka) na kompresheni nzuri (kiasi mchanganyiko unavyobanwa kabla ya kuwaka), nikaiwekea valvu za 44?

Tuanze na hesabu. Kutoka 42 hadi 44 ni milimita 2 tu, lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo valvu mpya ina eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10. Namba hii ndiyo inayotajwa na kila anayeuza valvu kubwa, na si ya uongo. Ila hewa haipiti katikati ya valvu. Valvu haiondoki mahali pake, inanyanyuka tu kidogo, na hewa inapita kwenye mwanya unaoizunguka pande zote. Eneo la mwanya huo ni mzingo wa valvu mara kimo ilichonyanyuka. Mzingo hukua sawasawa na kipenyo, si kwa mraba wake. Kwa kimo kile kile, valvu ya 44 inaongeza mwanya kwa asilimia 5 tu hivi. Nusu ya faida iliyotangazwa imeshapotea, na bado hatujagusa chuma.

Je, mwanya unaacha lini kuwa kizuizi? Ukilinganisha eneo la mwanya na eneo la valvu yenyewe, yanalingana pale valvu inaponyanyuka robo ya kipenyo chake. Kwa valvu ya 42 hiyo ni milimita 10.5, kwa ya 44 ni milimita 11. Kamshafti ya kiwandani ya L24 hunyanyua valvu kiasi cha milimita 10 na ushei. Maana yake, kwa kamshafti ya awali, mwanya wa pembeni ndio unaoibana hewa karibu muda wote. Fundi akikuwekea valvu ya 44 na kuiacha kamshafti ile ile, amekuuzia asilimia 10 na kukukabidhi 5.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Valvu haikai juu kileleni. Inapanda na kushuka, na muda mwingi iko katikati ya safari. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni milisekunde 10. Kamshafti inayoacha valvu wazi kwa nyuzi 250 inaipa milisekunde 7 hivi za kufunguka, kujaza silinda na kufunga. Ndani ya hizo 7, kimo kamili hudumu kwa kitambo kidogo sana. Hedi inayopitisha hewa vizuri valvu ikiwa imenyanyuka milimita 3 hadi 6 inafanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Ile inayopitisha vizuri kwenye kimo cha juu tu inang'aa kwenye karatasi ya vipimo, lakini barabarani haina la kujivunia.

Sasa, valvu ikiwa imenyanyuka kidogo hivyo, hewa inatawaliwa na siti. Ukubwa wa njia iliyo nyuma huko hauna la kusema bado. Siti ni ile pete ya chuma ambayo valvu huikalia. Siti ya kiwandani mara nyingi ina pembe moja ya nyuzi 45, pengine na mkato mmoja mwingine uliofanywa harakaharaka. Fundi mzuri huikata kwa pembe tatu: nyuzi 30 upande wa chemba, 45 pale valvu inapokalia, na 60 kuelekea ndani. Hewa inapinda kidogo kidogo badala ya kukutana na kona kali, na haibanduki ukutani. Kwenye valvu ya kuingiza, ukanda wa nyuzi 45 unaweza kuachwa mwembamba, milimita 1 hadi 1.5. Kwenye valvu ya moshi usithubutu kuufanya mwembamba hivyo, kwa sababu joto la valvu hiyo hutoka kwa sehemu kubwa kupitia siti. Siti nyembamba hufanya valvu iive, kisha iungue pembeni.

Kazi hii ya pembe tatu haina mvuto wa kupigia picha. Haionekani ukishafunga injini. Lakini ukiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, nakwambia iende hapo, kwa valvu zile zile za 42, pamoja na kubadilisha bushi za valvu (mirija inayoongoza mashina yake) kama zimelegea. Valvu inayocheza ndani ya bushi yake haikai sawa kwenye siti hata ukikata pembe kumi.

Ukitoka kwenye siti na kwenda ndani unakutana na shingo, sehemu nyembamba kabisa ya njia, kisha uwazi ulio nyuma ya valvu pale ambapo njia inakunja kona kuelekea chini. Shingo kwa kawaida hukatwa iwe asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Kwa valvu ya 42 hiyo ni kama milimita 37. Hapa ndipo kiwanda huacha uchafu mwingi: kingo iliyobaki pale mashine ya kukata siti ilipoishia, na ngazi ndogo kati ya pete ya siti na alumini. Kuondoa ngazi hiyo kwa mkono, bila kupanua kitu kingine chochote, kunarudisha hewa nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kona yenyewe ina pande mbili. Upande wa nje, yaani dari ya njia, ni mrefu na hewa inaupenda. Upande wa ndani, sakafu, ni mfupi na mkali. Hewa yenye kasi inashindwa kuufuata, inaruka na kuacha eneo lenye misukosuko nyuma yake, kisha inapita kwa wingi upande mmoja wa valvu huku upande wa pili ukibaki karibu mtupu. Fundi mgeni akiona sakafu hiyo hushawishika kuikata chini ili "kunyoosha" njia. Ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Ukishusha sakafu, kona inakuwa kali zaidi, na alumini uliyoiondoa huwezi kuirudisha ila kwa kuchomelea. Sakafu hulainishwa tu, iwe mviringo usio na kingo. Kama ni lazima eneo liongezwe, liongezwe darini na ubavuni, ukikumbuka kwamba nyuma ya ukuta huo kuna njia ya maji. Hedi iliyotobolewa hadi kwenye maji ni hasara ya siku moja.

Hapa tufike kwenye kasi, kiini cha ugomvi wote. Pistoni ya L24 ina kipenyo cha milimita 83 na husafiri milimita 73.7 kwa mkupuo mmoja. Injini ikiwa kwenye 6000, pistoni inakwenda kwa wastani wa karibu mita 15 kwa sekunde. Eneo lake ni mara 5 ya eneo la shingo ya milimita 37. Kwa hiyo hewa inabidi ipite shingoni kwa wastani wa mita 74 kwa sekunde, na pale pistoni inapokimbia zaidi, katikati ya mkupuo, kasi inavuka mita 110. Charles Fayette Taylor na wenzake wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha kuwa kasi ya hewa kwenye valvu, ikilinganishwa na kasi ya sauti, ikivuka kiwango fulani, silinda huacha kujaa. Uzuri wa ugunduzi huo ni kwamba unakupa kipimo rahisi. Eneo la valvu likikua kwa asilimia 10, na kamshafti nayo ikanyanyua kwa uwiano huo huo, basi pale injini inapoishiwa pumzi panasogea juu kwa asilimia 10. Kama ilikuwa inachoka kwenye 6000, sasa inachoka kwenye 6600. Valvu kubwa inakununulia mizunguko ya juu. Kwenye 2500, ambako hewa haijabanwa, haikupi kitu.

Kwenye 2500 inaweza hata kukunyang'anya. Hewa ina uzito. Ikishapata mwendo ndani ya njia haisimami ghafla, ni kama daladala iliyojaa abiria inayoteremka mlima. Injini hutumia tabia hii: valvu ya kuingiza haifungwi pistoni inapofika chini, inaachwa wazi kidogo huku pistoni ikianza kupanda, kwa sababu hewa inayokuja kwa kasi bado inaendelea kujisukuma ndani. Ukipanua njia kupita kiasi, hewa inatembea polepole, msukumo wake unakufa, na pistoni inapopanda inairudisha ilikotoka. Kwenye injini ya kabureta madhara ni mawili, maana hewa ya polepole haiwezi kubeba matone ya petroli. Matone yanaangukia ukutani, mchanganyiko unafika silinda ukiwa mwembamba mara hii na mzito mara ile, na gari linakohoa kila ukikanyaga pedali.

Asiyeamini aangalie walichofanya Toyota na injini yao ya 4A-GE, ile ya valvu 16 ambayo wapenda Corolla wa kwetu wanaijua vizuri. Toleo la mwanzo lilikuwa na njia kubwa za hewa, kubwa kiasi kwamba ilibidi liwekewe mfumo wa T-VIS, vipepeo vinavyofunga nusu ya njia injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini ili hewa ipate kasi. Mwaka 1989 lilikuja toleo jingine. Njia zilipunguzwa, T-VIS ikaondolewa, kompresheni ikapandishwa, na nguvu ikaongezeka. Kompresheni ilichangia, hilo halina ubishi. Lakini wahandisi wa kiwanda kilichoijua injini hiyo kuliko mtu yeyote waliziona njia zao wenyewe kuwa pana mno, wakazibana, na gari likaenda kasi zaidi.

Hiyo 4A-GE inaeleza pia kwa nini injini za sasa hazipokei sana mabadiliko haya. Ina valvu mbili za kuingiza kwa kila silinda, kila moja milimita 30.5. Jumla ya eneo lao inazidi valvu moja ya 42 kwa kiasi kidogo tu, lakini mizingo yao miwili ukiijumlisha inaizidi kwa karibu asilimia 45. Mwanya ule tuliosema unabana, hapa umeshafunguliwa kiwandani, na kwenye silinda ya milimita 81. Ukitaka kuongeza nguvu kwenye injini ya namna hii, hedi iwe ya mwisho kwenye orodha.

Turudi kwa L24 na tuseme umeamua, unataka valvu za 44. Swali la kwanza ni nafasi. Valvu 44 na 35 ubavu kwa ubavu ni milimita 79, kwenye silinda ya 83. Zinabaki 4 za kugawana kati ya valvu na valvu, na kati ya valvu na kuta za pande mbili. Valvu iliyo karibu mno na ukuta wa silinda ina upande mmoja usiopitisha hewa ya maana, hivyo mzingo uliouongeza sehemu yake imezibwa. Valvu zile zile kwenye L28, yenye silinda ya 86, zinapumua vizuri zaidi. Ndiyo maana Nissan waliziweka huko.

Swali la pili ni chuma kinachobaki kati ya siti mbili. Waingereza walilipata somo hili kwa gari lao dogo la Mini Cooper S la miaka ya 1960. Hedi yake ilikuwa na valvu ya kuingiza ya milimita 35.6 na ya moshi ya 30.9 kwenye silinda ya 70.6. Hewa ilipita, magari yalishinda, na hedi zilijipatia sifa mbaya ya kupasuka kati ya siti hizo mbili. Mafundi wengi wa injini hiyo baadaye walibaki na 35.6 upande wa kuingiza wakarudi kwenye 29.2 upande wa moshi. Kupunguza kipenyo kwa milimita 1.7 kuliokoa hedi, na nguvu haikupungua kwa kiasi cha kulalamikia. Moshi hauhitaji nafasi sawa na hewa inayoingia: unasukumwa na mgandamizo mkubwa wa silinda, wakati hewa ya kuingia ina mgandamizo wa anga tu. Njia ya moshi ikipitisha robo tatu au zaidi kidogo ya ile ya kuingiza, inatosha.

Halafu kuna mambo yanayofuata kazi ya siti, ambayo hayamo kwenye bei ya kwanza utakayotajiwa. Ukichonga chemba kuipisha valvu kubwa, unaongeza ujazo wake. Silinda ya L24 ni karibu cc 399. Kama kompresheni ilikuwa 9 kwa 1, kuongeza cc 2 tu kunaishusha hadi 8.7. Utaskimu hedi, yaani utakwangua uso wake wa chini, kuirudisha. Lakini kamshafti iko juu ya hedi, kwa hiyo ukiskimu umeisogeza karibu na krankishafti, cheni inayoizungusha imelegea, na taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufunga, imechelewa. Kwenye L24 hili hurekebishwa kwa kuweka vipande vya chuma chini ya mihimili inayobeba kamshafti, pamoja na kurekebisha gia ya cheni. Tena, siti mpya ikikatwa chini zaidi, shina la valvu linatokeza juu kuliko mwanzo, na roka, mkono unaosukumwa na kamshafti kubonyeza valvu, haiikanyagi kamshafti katikati ya uso wake. Inabidi kuchagua upya vikofia vinavyokaa juu ya shina hadi alama ya msuguano ikae katikati. Asiyelijua hili ataharibu kamshafti mpya kabla ya kilomita 1000, kisha atalaumu oili.

Nipitie haraka mambo mawili yanayopendwa bure. La kwanza ni kung'arisha njia ya kuingiza hadi ione uso wako. Ukuta wa kuingiza kwenye injini ya kabureta hufaa ukiachwa na ukwaru mdogo, unaosaidia petroli iliyotua ukutani kuvunjika na kurudi hewani. Mng'aro upeleke upande wa moshi, ambako masizi hushika kwa shida kwenye uso laini. La pili ni kupanua mdomo wa njia ulingane na gasketi ya manifodi (mabomba yanayoipelekea hedi hewa). Gasketi hutengenezwa kubwa kuliko tundu makusudi. Ukiifuata unatengeneza uwazi mkubwa mlangoni unaobanwa tena ndani, na hewa inapoteza kasi bila sababu. Linganisha manifodi na hedi, basi.

Fundi unayemkabidhi hedi awe na njia ya kupima. Mashine ya kupimia mtiririko hunyonya hewa kupitia hedi kwa mgandamizo usiobadilika, ambao Wamarekani wamezoea kuuweka kwenye inchi 28 za maji, karibu sentimita 71, na husoma kiasi kinachopita kwa kila kimo cha valvu. Mashine hizi ni adimu kwetu. Lakini hata bila hiyo, bomba la sindano lenye alama za cc na kipande cha plastiki angavu vinatosha kupima chemba zote 6, na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, itapima shingo zote. Silinda 6 zinazofanana, hata zikiwa za kawaida tu, zitaishinda hedi yenye silinda 2 bora na 4 zilizobahatishwa.

Kwa walioko Nairobi kuna hesabu ya ziada. Kwenye mita takriban 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 18 hivi, na nguvu ya injini isiyo na turbo hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hedi iliyochongwa inaingiza hewa kwa urahisi zaidi, haiifanyi hewa iwe nzito. Kompresheni ndiyo inayosaidia huko juu, kwa sababu hewa nyepesi inavumilia kubanwa zaidi kabla injini haijaanza kugonga. Kwa hiyo hedi ya E31 yenye chemba ndogo na siti safi za pembe tatu inaweza kumfaa mtu wa Nairobi kuliko valvu za 44 zilizomfanya aikuze chemba. Akiteremka nayo pwani, ashushe taimingi ya moto (wakati wa cheche) kidogo na asikilize.

Hedi ikisharudi kwenye gari, kabureta zote mbili zirekebishwe upya, kwa kuwa hewa imeongezeka na sindano za mafuta bado ni zile za zamani. Endesha, zima injini ikiwa chini ya mzigo, toa plagi zote 6 uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Plagi nyeupe ina maana silinda hiyo inakosa mafuta, na kwenye hedi mpya silinda yenye njaa ya petroli hutoboa pistoni kabla hujajua kama valvu zilifaa.